Kuuza Nyumba Kenya Bila Mauzo Kukwama: Mwongozo Kamili kwa Muuzaji

Mnunuzi amepatikana, bei imeafikiwa, arbuni imelipwa. Kisha miezi inapita na hakuna kinachosonga. Ukiuliza kulikoni, jibu huwa ni mojawapo ya haya matatu: hati ya zamani haijaingizwa kwenye sajili mpya, fleti haina hati yake yenyewe, au hakuna aliyepiga hesabu ya ushuru mapema. Yote matatu yanatokana na sheria na kanuni zilizoanza kuwabana wauzaji tangu mwisho wa 2020, na yote yangeonekana kabla tangazo la kwanza halijabandikwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mahali ambapo wauzaji wengi humalizia. Mnunuzi hatumtafuti hadi hatua ya sita. Umeandikwa kwa mtu binafsi anayeuza nyumba, mezoneti au fleti nchini Kenya, awe anaishi humo, ameipangisha, au yuko ng'ambo.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Hati miliki halisi, au lizi (mkataba wa kumiliki kwa muda maalumu) iliyosajiliwa ikiwa ni fleti. Ikiwa benki imeishika, nakala pamoja na barua ya benki.
- Kitambulisho cha taifa na PIN (namba ya mlipa kodi) ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, vyote vikiwa na jina lililoandikwa sawasawa na lililo kwenye hati.
- Namba ya simu na barua pepe unazotumia wewe mwenyewe, si za mtoto wala za dalali.
- Makubaliano uliyotia saini uliponunua, risiti ya ushuru wa stempu uliolipa wakati huo na ankara ya wakili wako.
- Risiti za kila ulichojenga au kuboresha: ukuta, kisima, jiko jipya, ghorofa ya pili.
- Risiti za karibuni za ada za ardhi za kaunti, kodi ya ardhi ya serikali ikiwa umiliki wako ni wa lizi, na ada ya huduma ikiwa ni fleti.
- Cheti cha ndoa, cha talaka au cha kifo cha mwenzi, kulingana na hali yako.
- Bili za umeme na maji za miaka mitatu iliyopita, ikiwa unaishi humo. Sababu iko hatua ya tano, na ina thamani ya pesa nyingi.

Kama risiti za ujenzi zimepotea, zitafute sasa. Fundi na duka la vifaa wanaweza kukutolea nakala leo, lakini hawatakukumbuka wakati mnunuzi amekupa siku saba.

## Hatua ya 1: Soma hati yako upya

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilifuta sheria kadhaa za zamani zilizokuwa zikitoa hati za aina mbalimbali, ikaleta mfumo mmoja. Hati za zamani hazikufa, ila nyingi zinatakiwa kuhamishiwa sajili mpya kabla ya kuuzwa, kuwekwa rehani au kurithishwa.

Tazama namba iliyo juu ya hati. Ikiwa imeanza na L.R. au I.R. kwa maeneo ya bara, au C.R. kwa ukanda wa Pwani, hiyo ni hati ya mfumo wa zamani. Ikiwa ina jina la eneo likifuatwa na bloku au sehemu na namba ya kiwanja, basi iko karibu na mfumo wa sasa au tayari imo ndani yake.

Soma pia muda wa lizi. Ikiwa ulipewa miaka 99 na imebaki michache, mnunuzi anayetegemea mkopo atakataliwa na benki yake. Shughulikia nyongeza ya muda kwanza, au ushushe bei na useme wazi kwa nini.

Tahadhari kwa Pwani. Mombasa kuna wengi wanaomiliki nyumba bila ardhi: jengo ni lako, kiwanja ni cha mwenye ardhi unayemlipa kodi ya uwanja. Sheria ya zamani ya hati za ardhi za Pwani, Sura ya 282, ni mojawapo ya zile zilizofutwa mwaka 2012. Ukiwa katika hali hii usitangaze kwamba unauza "nyumba na kiwanja", hata kama dalali anashikilia kwamba ndivyo wateja wanavyopenda kusikia. Unauza jengo na haki ya kukaa pale, na mwenye ardhi lazima ahusishwe kwa maandishi tangu mwanzo. Wakili asiyejua mambo ya Pwani atakupotosha hapa, kwa hiyo chagua anayeyajua.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu kwa sentensi moja: hati yangu ni ya aina gani, umiliki ni wa kudumu au wa lizi, na lizi imebakiza miaka mingapi.

## Hatua ya 2: Ingiza hati kwenye sajili mpya na Ardhisasa

Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa wizara ya ardhi, ulizinduliwa Aprili 2021 kwa kuanza na Nairobi, kisha ukapanuliwa hatua kwa hatua kwenda kaunti nyingine. Mahali ulipofika, sachi (upekuzi rasmi wa sajili), uhamisho na rehani hupitia humo. Mahali haujafika, bado unatumia ofisi ya msajili wa eneo lako. Uliza kwanza uko upande gani, kwa sababu utaratibu unatofautiana.

Fungua akaunti yako mwenyewe kwa kitambulisho na PIN ya KRA. Usikubali dalali akufungulie kwa simu yake. Uthibitisho wa muamala huja kwa namba iliyosajiliwa, na anayeishika simu ndiye anayeshika mlango.

Kisha omba sachi rasmi ya hati yako mwenyewe. Wauzaji huiona kama kazi ya mnunuzi, lakini utakachokikuta kinaweza kukushangaza: zuio lililowekwa na ndugu miaka kumi iliyopita, rehani uliyokwisha kulipa lakini benki haikuifuta, au jina lililokosewa herufi moja.

Ikiwa hati ni ya mfumo wa zamani, angalia kama eneo lako limeshachapishwa katika Gazeti rasmi la serikali kwa ajili ya ubadilishaji. Orodha inayochapishwa huonyesha namba ya zamani na namba mpya inayolingana nayo. Linganisha ukubwa wa kiwanja na ramani kabla hujaomba hati mpya. Kosa likionekana mapema hurekebishwa kwa malalamiko kwa msajili. Likionekana baada ya mnunuzi kulipa, litaweza kukupeleka mahakamani.

Baada ya hapo peleka ombi la kubadilishiwa hati pamoja na hati ya zamani halisi. Haki zako hazipungui: jina, ukubwa, muda wa lizi na madeni yaliyoandikwa huhamia sajili mpya kama yalivyo.

Tahadhari. Majina. Mwanamke aliyenunua kwa jina la baba yake na sasa ana kitambulisho chenye jina la mume, au mtu ambaye hati inasema "Mohamed" na PIN inasema "Muhammad", atakwama hapa hapa. Wakili huandaa hati ya kiapo au ya kubadili jina. Ni kazi ndogo ikifanywa mapema.

Utajua umefaulu ukiwa na sachi ya hivi karibuni yenye jina lako sahihi, isiyo na zuio wala rehani usiyoijua, na namba ya kiwanja inayolingana na hati mkononi.

## Hatua ya 3: Ikiwa unauza fleti, hakikisha ina hati yake

Wenye nyumba za peke yake kwenye kiwanja chao warukie hatua ya nne. Wenye fleti na mezoneti kwenye kiwanja cha pamoja watulie hapa, kwa sababu hakuna mahali pengine mauzo mengi yanapofia.

Zamani mjenzi alibaki na hati mama ya kiwanja chote, nawe ukapewa lizi ndefu ya fleti yako iliyoambatanishwa na mchoro wa msanifu. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020, ilibadilisha hilo. Inataka kila fleti iwe na sajili na hati yake, na lizi za zaidi ya miaka 21 zilizokusudiwa kumpa mtu umiliki zibadilishwe zifuate sheria hii. Sheria ilitoa miaka miwili. Zaidi ya hapo, wizara ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 10 Mei 2021 haitasajili tena lizi ndefu za umiliki zilizotegemea michoro ya wasanifu pekee.

Kwa muuzaji, matokeo yake ni kwamba wakili makini au benki yoyote ya mnunuzi itauliza swali moja kabla ya kuuliza bei: jengo limeshabadilishwa?

Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Uliza kampuni ya usimamizi wa jengo kama mpango wa sehemu umeshasajiliwa. Mpango huu huandaliwa na mpima ardhi mwenye leseni na huonyesha kila fleti, eneo lake, na fungu lake katika mali ya pamoja.
2. Ikiwa haujasajiliwa, uliza nani anaushughulikia. Ombi linaweza kuletwa na mjenzi, na kampuni ya usimamizi, au hata na mwenye fleti mwenyewe.
3. Kusanyeni gharama za mpima ardhi pamoja. Mpango ni wa jengo zima, kwa hiyo mwenye fleti mmoja akijaribu kulipia peke yake ataumia, na majirani watafaidi bure.
4. Peleka lizi yako halisi pamoja na ombi. Mpango ukisajiliwa, sajili ya hati mama hufungwa na ya kila fleti hufunguliwa. Shirika la wamiliki linazaliwa kisheria hapo hapo, na ndilo litakalosimamia ngazi, lifti, maegesho na paa.

Mjenzi akikataa kutoa hati mama? Hutokea sana, hasa pale mjenzi alipoiweka rehani au bado anaota kuongeza ghorofa. Sheria imeliona hilo: msajili anaweza kuweka zuio kwenye hati mama ili mjenzi asiweze kufanya nayo lolote lingine. Andikeni barua ya pamoja kupitia wakili na kuitaja njia hiyo. Mara nyingi barua tu hulainisha mambo.

Tahadhari. Usikubali dalali akwambie "tutauza hivyo hivyo, mnunuzi atabadilisha mwenyewe." Mnunuzi wa pesa taslimu anaweza kukubali, lakini atakata bei kuliko gharama ya ubadilishaji wenyewe. Na ikiwa mjenzi hakulipa kodi ya ardhi ya kiwanja kizima, deni hilo linawasimamisha nyote.

Utajua umefaulu ukiwa na hati yenye namba ya fleti yako peke yake na sachi inayoonyesha jina lako bila kutaja hati mama iliyo hai.

## Hatua ya 4: Idhini za watu

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila idhini ya wote wawili wakati ndoa ingali hai. Haijalishi hati ina jina la nani. Mwenzi wako atatia saini idhini mbele ya wakili, na ni vyema awe na wakili wake mwenyewe ili asije kudai baadaye kwamba alilazimishwa. Kama hujaoa au hujaolewa, utaapa hivyo. Kama mmeachana bila mahakama, bado mmeoana machoni pa sheria, na hilo linaumiza watu wengi.

Ikiwa nyumba iko kwenye shamba linalohesabika kuwa ardhi ya kilimo, unahitaji pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lake lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili.

Aliye ng'ambo atateua mtu kwa hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na mthibitishaji wa hati huko aliko, kisha ikasajiliwa Kenya. Iandike iwe ya nyumba moja iliyotajwa kwa namba, na useme wazi kama mwakilishi anaruhusiwa kupokea pesa. Ushauri wangu: asiruhusiwe. Pesa ziende kwenye akaunti yako moja kwa moja, hata kama mwakilishi ni kaka yako wa tumbo moja.

Jambo jingine kwa walio Marekani, Uingereza au Ghuba: Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini aliyepoteza uraia wa Kenya kabla ya hapo lazima aombe kurudishiwa. Hadi afanye hivyo yeye ni mgeni, na kifungu cha 65 kinasema mgeni hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa lizi isiyozidi miaka 99. Hati yako ya umiliki wa kudumu itahesabiwa hivyo, na bei itashuka. Rudisha uraia kwanza.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya ushuru kabla ya kutaja bei

Hadi mwisho wa 2022 ushuru wa faida ya mtaji ulikuwa asilimia 5. Sheria ya Fedha ya 2022 iliupandisha hadi asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Ushuru huu ni wa muuzaji, na hutozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Hapo kwenye "faida" ndipo risiti zako zinapogeuka pesa.

Chukua mfano. Ulinunua fleti kwa 6,000,000. Ukalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 240,000, na wakili 90,000. Ukatengeneza jiko na bafu kwa 500,000. Gharama yako halali ni 6,830,000.

Leo unaiuza 11,000,000. Wakili anachukua 150,000 na wakala 330,000. Unabaki na 10,520,000.

Faida ni 10,520,000 kutoa 6,830,000, sawa na 3,690,000. Asilimia 15 yake ni 553,500. Kwa kiwango cha zamani ungelipa 184,500.

Sasa chukulia umepoteza risiti za stempu, wakili wa kwanza na jiko. Faida inakuwa 4,520,000 na ushuru 678,000. Karatasi tatu zimekugharimu 124,500.

### Nani haulipi?

Misamaha inayowahusu wauzaji wa kawaida ni hii:

- Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu inayoishia kwenye mauzo.
- Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3.
- Shamba la kilimo lisilofika ekari 50, lililo nje ya manispaa na miji iliyotangazwa.
- Uhamisho kati ya mume na mke, au kwa mgawanyo wa talaka.

Msamaha wa kwanza ndio unaowaponyoka wengi. Neno la kuzingatia ni "mfululizo". Ukihamia mji mwingine na kupangisha nyumba mwaka mmoja kabla ya kuuza, umeupoteza. Anayeishi Doha na kupangisha fleti yake ya Nyali hana msamaha, hata kama anaiita nyumbani. Na ikiwa umekuwa ukilipa ushuru wa kodi ya nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, rekodi za KRA tayari zinaonyesha kwamba huishi humo.

Msamaha hauji wenyewe. Unaudai kwa KRA, ukiambatanisha bili za umeme na maji na ushahidi mwingine wa makazi.

### Usitaje bei ya uongo

Dalali atakunong'oneza muandike bei ndogo kwenye makubaliano ili nyote mlipe kidogo. Ni kosa la jinai, na mthamini wa serikali ana bei zake. Kama mnunuzi anashawishika, mkumbushe kwamba bei iliyoandikwa ndiyo itakayokuwa gharama yake ya kununua siku naye akiuza. Anachookoa kwenye asilimia 4 ya stempu leo, atakilipa kwa asilimia 15 kesho.

### Muswada si sheria

Sheria ya fedha hubadilika kila mwaka, na nyingi ya vipengele vyake huanza tarehe 1 Julai au 1 Januari. Kila mwezi wa Mei na Juni mitandao hujaa mapendekezo yanayosomwa kama sheria tayari. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitupwa Juni mwaka huo baada ya maandamano, lakini bado utasikia watu wakinukuu viwango vyake. Uliza: imetiwa saini? Inaanza lini?

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye bei unayotaka, ushuru, ada zote, deni la benki na kiasi kitakachoingia mfukoni. Ikiwa kiasi hicho hakitoshi mpango wako, ni bora ujue leo.

## Hatua ya 6: Mnunuzi na makubaliano

Sasa tangaza. Wakala awe amesajiliwa na bodi ya usajili wa mawakala wa mali isiyohamishika, na wakili awe na leseni ya mwaka huu, jambo unaloweza kulihakikisha kwa Chama cha Mawakili wa Kenya. Usitumie wakili mmoja na mnunuzi ili kuokoa ada. Mkigombana, hatakuwa wa yeyote.

Makubaliano ya ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi. Arbuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha ni desturi, na zote zinajadiliwa.

Muulize mnunuzi mapema atalipa kwa njia gani. Tangu mabadiliko ya 2023 ya sheria za kupambana na utakatishaji wa fedha, mawakili wanaoshughulikia mauzo ya nyumba wana wajibu wa kujua pesa zimetoka wapi na kuripoti wanaposhuku. Mnunuzi mwenye gunia la noti si bahati tena.

Na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Sheria ya Fedha ya 2023 inasema ushuru wa faida unadaiwa pale unapopokea bei yote au uhamisho unaposajiliwa, lolote litakalotangulia. Mnunuzi anayekopa benki, benki yake hulipa baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa. Maana yake ushuru unakudai kabla hujaziona asilimia 90 za pesa zako. Katika mfano wetu unatakiwa kuwa na 553,500 mkononi huku arbuni ya 1,100,000 ikiwa imefungiwa kwa wakili.

Dawa ni kifungu kimoja: makubaliano yaseme kwamba sehemu ya arbuni inaweza kutolewa ili kulipia ushuru wa faida na madeni ya kaunti. Kikiwekwa mwanzoni hakuna anayekipinga. Ukikiomba mwishoni, mnunuzi ataona kama unatapatapa.

Hakikisha pia kuna ahadi ya maandishi ya benki ya mnunuzi kwa wakili wako, na mwambie wakili asiachie hati halisi kabla haijafika.

## Hatua ya 7: Vyeti vya kutodaiwa na uhamisho

Hii ni kazi ya mawakili zaidi, lakini ifuatilie:

1. Cheti cha kaunti cha kutodaiwa ada za ardhi.
2. Kwa lizi, cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi na idhini ya kuhamisha.
3. Kwa nyumba yenye mkopo, taarifa ya benki ya kiasi kilichobaki na hati ya kufuta rehani.
4. Uthamini wa serikali, kisha mnunuzi analipa ushuru wa stempu: asilimia 4 mijini, asilimia 2 vijijini.
5. Hati ya uhamisho inatiwa saini na kuwasilishwa.

Deni la kaunti la muda mrefu lina riba na faini ndani yake, na kaunti hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusamehe hizo. Kama una deni na huna haraka, vizia kipindi hicho.

Utajua umefaulu pale sachi mpya inapotoka ikiwa na jina la mnunuzi.

## Hatua ya 8: Lipa, pokea, kabidhi

Wasilisha ushuru wa faida kupitia iTax (mfumo wa mtandaoni wa KRA), chukua namba ya malipo, ulipe kabla ya usajili kukamilika, umpe wakili risiti. Wakili wa mnunuzi atadai kuiona. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Usikabidhi funguo kwa ahadi. Mnunuzi akitaka kuingia mapema kupaka rangi, muandike mkataba wa muda wa kupanga wenye kodi na tarehe ya kutoka. Aliyeingia bure hutoka kwa shida.

Siku ya kukabidhi, soma mita za umeme na maji pamoja naye na mpige picha. Ikiwa kuna wapangaji, kabidhi mikataba yao na amana zao, nao wapewe barua ya kuwajulisha mwenye nyumba mpya. Kwa fleti, ijulishe kampuni ya usimamizi au shirika la wamiliki, uchukue barua kwamba hudaiwi ada ya huduma.

Makubaliano, hesabu ya ushuru, risiti zote na sachi ya mwisho viweke kwa angalau miaka mitano. Huo ndio muda ambao sheria inakutaka utunze rekodi, na KRA ikikuandikia barua, itakuuliza risiti ya lile jiko.